Maumivu Hapa, Chanzo Kule: Majibu kwa Wasomaji kuhusu Mafundo ya Misuli

Barua nyingi zinazofika kwenye ukurasa huu wa afya ya viungo huzungumzia jambo moja kwa maneno tofauti: msuli umekaza, nyama imeshikana, kuna donge chini ya ngozi ambalo likibonyezwa maumivu hutokea mahali pengine kabisa. Mwezi huu nimeutenga ukurasa wote kwa ajili ya mafundo ya misuli, kwa sababu yanawatesa sana watu wa kazi za mikono na za kukaa muda mrefu, na kwa sababu sehemu kubwa ya tiba yake imo ndani ya uwezo wa mgonjwa mwenyewe akielezwa vizuri. Barua zimefupishwa na majina yameondolewa.

Swali: Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, mama wa miaka 46. Kwa zaidi ya mwaka mmoja bega langu la kulia linauma, na maumivu hupanda shingoni hadi kwenye panja na nyuma ya jicho, hasa katika misimu ya sare za shule na ya sikukuu, ninapokesha nikishona. Nimepigwa eksrei ya shingo nikaambiwa mifupa iko salama. Nimechomwa sindano za diklofenaki mara nyingi. Napata nafuu siku mbili tatu, kisha hali inarudi vilevile. Binti yangu akinikanda kwa mafuta ya nazi hulikuta donge juu ya bega, na akilibonyeza, jicho ndilo linalouma. Je, huo ni uvimbe? Na kwa nini jicho liume wakati aliposhika ni begani?

Jibu: Mama, nianze na hofu yako. Donge lililo ndani ya msuli, linalouma likibonyezwa, lisiloongezeka ukubwa na linalolainika baada ya kukandwa au kuoga maji ya moto, kwa kawaida si uvimbe wa hatari. Donge la kuharakishia hospitali ni lile linaloendelea kukua, lililo gumu wakati wote hata kama haliumi, au linaloandamana na homa, kupungua uzito na jasho jingi la usiku. Hilo lisikandwe na mtu yeyote kabla daktari hajaliona. Kwa jinsi ulivyoeleza, binti yako amegusa fundo katika msuli wa trapezi, yaani ule msuli mpana unaoanzia kisogoni, ukatandaa juu ya mabega na kuteremka hadi katikati ya mgongo.

Fundo hilo ni sehemu ndogo ya msuli iliyojikunja na kushindwa kuachia. Katika hali ya kawaida neva hupeleka amri kwenye nyuzi za msuli kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Amri ikifika, kalisi (madini ya kalsiamu) humwagika ndani ya uzi na uzi hujikunja. Ili uzi uachie, lazima kalisi hiyo irudishwe ilikotoka, na kazi ya kuirudisha hula nishati. Maelezo yanayotegemewa zaidi na wataalamu wa tatizo hili, ingawa bado yanajadiliwa, ni kwamba msuli unaposhikiliwa kwa saa nyingi bila kupumzika, sehemu fulani ya nyuzi hubaki imejikunja na kuibana mishipa midogo ya damu inayopita humo, kama mpira wa maji uliokanyagwa. Damu ikipungua, oksijeni inapungua na nishati inapungua. Nishati ikipungua, kalisi hairudishwi, na uzi unazidi kukaza. Watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, wakiongozwa na Jay Shah, walichapisha mwaka 2005 matokeo ya kupima majimaji ya ndani ya msuli kwa sindano nyembamba sana, na kwenye mafundo yenye maumivu walikuta asidi nyingi zaidi, pamoja na kemikali zinazoamsha maumivu, kuliko kwenye misuli ya watu wasio na tatizo. Eksrei huonyesha mifupa, wala haionyeshi mambo haya; ndiyo maana uliambiwa uko salama ilhali unaumwa kweli.

Kuhusu jicho, hujakosea hata kidogo katika ulichokisikia. Habari za maumivu kutoka shingoni na begani hukutana na zile za usoni katika sehemu ya juu ya uti wa mgongo kabla ya kupanda kwenye ubongo, na ubongo hushindwa kupambanua zimetoka wapi hasa. Mwaka 1938 daktari John Kellgren alichapisha London majaribio ambayo ndani yake watu waliojitolea walidungwa maji ya chumvi kali kwenye misuli yao, naye akachora mahali walipoyasikia maumivu. Mara nyingi palikuwa mbali na palipodungwa. Baadaye Dk. Janet Travell, Mmarekani aliyekuja kuwa daktari wa Rais John F. Kennedy, alishirikiana na Dk. David Simons kuchora ramani ya mwili mzima, msuli baada ya msuli. Katika ramani hiyo, fundo la juu ya bega hupeleka maumivu ubavuni mwa shingo, nyuma ya sikio na kwenye panja, karibu na jicho. Barua yako inafuata njia hiyohiyo.

Sasa tiba. Mwambie binti yako aache kusugua kwa nguvu kila mahali, badala yake afanye hivi. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, mkono wa kulia uulaze juu ya mto uliowekwa mapajani ili bega lishuke lenyewe. Aweke kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto, lakini yasiyounguza, kwa dakika 10 hadi 15. Kisha aushike ukingo wa juu wa bega kati ya kidole gumba na vidole vya mbele, kama anayeinua nyama iliyo baina ya shingo na ncha ya bega, na apapase polepole kukatisha nyuzi mpaka akutane na ukanda mgumu, na ndani ya ukanda huo doa moja linalouma kuliko sehemu nyingine. Pengine msuli utaruka ghafla chini ya vidole vyake. Hilo ni jambo la kawaida, wala lisimwogopeshe. Akilipata, alibane kwa nguvu ya wastani, ambayo wewe unaweza kuivumilia huku ukipumua bila kukunja uso, na ashikilie kwa sekunde 30 hadi 60, akisubiri maumivu yafifie chini ya vidole. Arudie mara mbili au tatu, halafu wewe mwenyewe uinamishe kichwa upande wa kushoto, taratibu, ukae hivyo kwa sekunde 20 hivi, na umalize kwa kuzungusha mabega. Mara moja kwa siku inatosha.

Hata hivyo, mama, fundo likilainishwa jioni na asubuhi ukarudi kuketi vilevile, litarejea kabla ya adhuhuri, na hapa ndipo wagonjwa wengi wanapokata tamaa wakidhani tiba imeshindwa. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5, na unapokiinamisha mbele juu ya mguu wa cherehani kutazama mshono, misuli ya shingo na mabega ndiyo inayokishikilia kisianguke, saa baada ya saa. Tazama kiti chako: ukikalia kigoda kifupi, meza ya cherehani inakuwa juu na unalazimika kuinua mabega muda wote unaposukuma kitambaa. Ongeza mto au badilisha kiti hadi viwiko viwe sawa na meza au juu yake kidogo. Sogeza cherehani mlangoni au dirishani mchana, na usiku weka taa karibu na sindano, kwa maana mara nyingi tunainama kwa sababu hatuoni. Kama umeanza kusogeza uzi mbali ili uuone tundu la sindano, kapimwe macho. Miwani ya kusomea imewahi kutuliza mabega mengi. Kila ukimaliza kipande kimoja cha nguo, simama, nyoosha mikono juu, tembea hadi mlangoni urudi.

La mwisho, ambalo nalisisitiza kuliko yote, ni kuupa nguvu msuli huo. Wanawake wengi huniambia kwamba bega bovu linahitaji kupumzishwa tu, lakini utafiti uliofanywa Denmark na kuchapishwa mwaka 2008 kuhusu wanawake wenye maumivu sugu ya msuli huu wa trapezi ulionyesha kwamba waliofanya mazoezi mahususi ya kuinua uzito kwa mabega, dakika 20 mara 3 kwa wiki kwa wiki 10, walipata nafuu kubwa. Mwaka 2011 watafiti wa huko walionyesha kwamba hata dakika 2 kwa siku za kuvuta mpira maalumu wa mazoezi, siku 5 kwa wiki, zilipunguza maumivu ya shingo na mabega. Wewe unaweza kutumia tyubu kuukuu ya baiskeli: ikanyage katikati, shika ncha zake, uinue mikono yote miwili kando hadi usawa wa mabega, uishushe polepole. Anza na mara chache, uongeze kila wiki. Maumivu madogo ya uchovu siku za mwanzo yanakubalika. Maumivu makali yakikujia, punguza.

Kuhusu sindano za diklofenaki, tafadhali usiendelee kuzichoma kila maumivu yanaporudi. Dawa hiyo ikitumiwa mara kwa mara inaweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha presha na kudhuru figo, wala haibadilishi kinacholisababisha fundo. Na ikiwa kichwa kitakuuma kwa ghafla na ukali ambao hujawahi kuuona, au ukapoteza uwezo wa kuona, kusema au kuinua mkono, hilo si suala la msuli. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Swali: Ni dereva wa lori, njia yangu ni Mombasa hadi Malaba. Kitako cha kulia kinauma na maumivu yanashuka upande wa nje wa paja hadi karibu na kifundo cha mguu. Nilifanyiwa MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku), nikaambiwa diski moja ya uti wa mgongo imetokeza na huenda nikafanyiwa upasuaji. Utingo wangu akinikanyaga kitakoni kwa kisigino napata nafuu hadi tufike Voi. Je, nikubali kupasuliwa?

Jibu: Kaka, uamuzi wa upasuaji ni wako na daktari aliyekupima mwili, wala siwezi kuutoa kwa barua. Ninaloweza ni kukupa maswali ya kumpelekea. Picha ya MRI inayoonyesha diski iliyotokeza haithibitishi peke yake kwamba diski hiyo ndiyo inayokuuma. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba, miongoni mwa watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo, asilimia 30 ya wenye miaka 20 na asilimia 84 ya wenye miaka 80 wana diski zilizotokeza. Muulize basi daktari kama diski iliyoonekana iko upande uleule unaouma, na kama inabana neva inayohusika na sehemu ile ya mguu.

Ndani ya kitako, chini ya msuli mkubwa, kuna msuli mdogo unaotandaa juu ya nyonga, na fundo lake hupeleka maumivu upande wa nje wa paja na wa mguu hadi kwenye kifundo, njia inayofanana mno na ile ya neva kubwa ya mguu ikibanwa. Nafuu unayoipata utingo anapokukanyaga inanifanya nishuku kwamba msuli huu unahusika, ingawa si ushahidi kamili, na watu wengine huwa na matatizo yote mawili kwa pamoja. Neva iliyobanwa mara nyingi huleta ganzi, mguu kukosa nguvu, au maumivu kushtuka hadi unyayoni unapokohoa. Jaribu kutembea kwa visigino tu, kisha kwa vidole tu. Mguu mmoja ukishindwa, mwambie daktari mapema. Na sikia hili kwa makini: ukipata ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, au ukashindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, hiyo ni dharura ya upasuaji ambayo haingoji mzigo ushushwe.

Ikiwa hakuna hata moja kati ya hayo, una haki ya kuomba wiki kadhaa za fiziotherapia kabla ya kisu, kwa mtaalamu aliyesajiliwa na baraza la fani hiyo nchini Kenya. Ondoa pochi kwenye mfuko wa nyuma wa suruali leo hii. Ukiikalia siku nzima, kitako kimoja kinainuka na misuli yake inakandamizwa. Mguu wa kulia unaoshikilia mafuta haupati nafasi ya kugeuka, kwa hiyo simamisha gari mahali salama kila baada ya saa mbili hivi, uteremke, uizunguke lori yako mara chache kwa hatua ndefu. Badala ya kisigino cha utingo, ambacho kina uzito usioweza kupimwa na kinaweza kukandamiza neva, lala kwa ubavu juu ya mkeka na uweke mpira wa tenisi chini ya sehemu ya juu ya kitako, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga. Tulia juu yake kwa sekunde 30 hadi 60. Ukisikia ganzi au umeme ukishuka mguuni, umekaa juu ya neva, sogea. Kisha lala kwa ubavu wa kushoto na uinue mguu wa kulia ukiwa umenyooka, polepole, hadi uchoke.

Jambo moja kwa madereva wote: sehemu ya nyuma ya mguu chini ya goti ikivimba upande mmoja, ikapata joto na kuuma baada ya safari ndefu, msiikande wala msikubali ikandwe. Huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa, na kipande chake kikikatika kinaweza kufika kwenye mapafu na kuua.

Swali: Mchuaji wa mtaani kwetu Morogoro anatumia kiwiko mpaka nalia, na siku ya pili nina alama nyeusi. Anasema bila maumivu fundo halivunjiki. Ni kweli?

Jibu: Si kweli, dada. Fundo halivunjwi, linashawishiwa kuachia, na mwili unaojikaza kwa uchungu hauwezi kuachia. Alama nyeusi ni damu iliyovuja kutoka kwenye mishipa midogo iliyopasuka. Mwambie apunguze nguvu, na akikataa, tafuta mwingine. Mbele ya shingo, chini ya mbavu kwenye figo na ndani ya kwapa asibonyeze kamwe kwa kiwiko.

Swali: Mimi ni mwalimu, naandika kutoka Unguja. Shingo yangu hukaza kila muhula wa kusahihisha mitihani. Jirani ananishauri nifanye hijama (kuumikwa damu kwa vikombe), na mdogo wangu aliye ughaibuni anasema huko walimdunga sindano zisizo na dawa akapona. Nifuate lipi?

Jibu: Mwalimu, sindano alizodungwa mdogo wako ni nyembamba na hazina tundu ndani; huingizwa kwenye fundo lenyewe hadi msuli uruke na kuachia. Mwaka 1979 daktari Karel Lewit wa Prague alieleza kwamba nafuu waliyoipata wagonjwa waliodungwa dawa ya ganzi ilitokana kwa sehemu kubwa na sindano yenyewe, na tangu hapo njia hii imeenea. Tafiti zilizofuata zinaonyesha kwamba hupunguza maumivu kwa muda mfupi, lakini ubora wa nyingi kati ya tafiti hizo ni wa chini au wa wastani, na njia hii haizizidi sana tiba nyingine za mikono na mazoezi. Hatari yake ni nadra lakini ni ya kweli: sindano ikidungwa juu ya bega au kifuani na mtu asiyejua anatomia, inaweza kutoboa utando wa pafu.

Hijama wengi huifanya pia kwa imani, na hilo naliheshimu. Kwa upande wa tiba, ushahidi wake kwa maumivu ya shingo unatoka kwenye tafiti ndogondogo. Ukiamua kuifanya, wembe uwe mpya na ufunguliwe mbele ya macho yako, vikombe viwe vya kutumiwa mara moja au vilivyotakaswa ipasavyo, kwa kuwa virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini husafiri kwa damu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asifanye kabisa bila ruhusa ya daktari wake.

Kwa uaminifu wa fani yangu, nakueleza pia kwamba si wataalamu wote wanaokubaliana kuhusu mafundo haya. Mwaka 2015 John Quintner na wenzake walichapisha hoja kali wakisema kwamba nadharia yake haijathibitishwa, na tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba wataalamu wawili wakimpapasa mgonjwa mmoja mara nyingi hawakubaliani fundo liko wapi. Mimi naona hoja hizo zina uzito. Maumivu yapo, nyama inayouma ipo, na mazoezi yanasaidia. Ila anayekuambia kwamba kila ugonjwa wako unatokana na fundo analolijua yeye peke yake, usimpe fedha zako. Katika hali yako ningeanza na meza: weka karatasi za mitihani juu ya ubao ulioinamishwa badala ya kuzilaza mapajani, sahihisha rundo moja kisha usimame, na ufuate mazoezi ya tyubu niliyomweleza mama wa Tanga hapo juu.

Swali: Nina miaka 58, niko Dodoma. Kifua cha kushoto kinabana kwa wiki mbili, wakati mwingine mkono nao unakuwa mzito. Mwanangu amesoma mtandaoni kwamba ni msuli wa kifua, ameninunulia mpira wa kubonyezea. Niutumie namna gani?

Jibu: Usiutumie bado, mzee wangu. Ni kweli kwamba misuli ya kifua na ya shingo inaweza kupeleka maumivu kifuani na mkononi, na mwanao amefanya vizuri kukuhangaikia. Lakini katika umri wako, kifua kinachobana pamoja na mkono kuwa mzito lazima kichukuliwe kuwa ni moyo mpaka vipimo vionyeshe vinginevyo, na hata mtu mwenye msuli unaouma akibonyezwa anaweza kuwa na ugonjwa wa moyo papo hapo. Nenda hospitali leo, upimwe presha, sukari na umeme wa moyo, na umweleze daktari kama kubana huko huja unapopanda ngazi au kutembea haraka na kupoa unapotulia. Kukija kwa nguvu, kukiwa na jasho la baridi, kichefuchefu au kukosa pumzi, usiendeshe gari mwenyewe wala usisubiri asubuhi. Daktari akishauthibitisha usalama wa moyo wako, niandikie tena ukinieleza ni harakati gani za mkono zinazoamsha maumivu hayo, nami nitakueleza namna ya kuutumia mpira huo.